Udongo wa Shemeji

Kila Jumapili, ibada ikiisha na mtandao ukikubali, binti yangu Clarisse hunipigia simu kutoka mjini Baraka na kuniuliza swali lile lile.

"Mama, unakuja lini? Kitanda iko tayari. Nimetandika na shuka mupya."

"Nitakuja," namjibu.

"Siku gani?"

"Siku mihogo itanikatala."

Hapo hunihesabia magunia yangu ya muhogo, kwa sababu yeye ndiye anayeyapokea pale bandarini, na anaona jinsi yanavyopungua mwaka hadi mwaka. Simlaumu. Mtoto akikutandikia kitanda amekupenda. Lakini kitanda cha kwa mtoto ni kitanda cha mgeni, na mimi sijawahi kuwa mgeni mzuri. Nikila kwa watu, natoa maoni juu ya chumvi yao.

Kisiwa chetu kinaitwa Kilumbi. Ni kidogo, ukiita mbuzi upande huu, wa upande ule anageuka. Ukisimama shambani kwangu unaiona Baraka ng'ambo ya maji, mabati yake yakimeta juani, na nyuma yake milima ya Fizi. Watu wa bara hudhani sisi wa kisiwani tunaishi kwa samaki. Samaki ni kitoweo. Tunaishi kwa bugali, bugali ni muhogo, na muhogo unataka udongo. Huo udongo ndio tulioanza kuukosa.

Ulikuwa unakwenda ziwani. Miaka ile ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za ufukweni, wenye nyumba walihamia huku juu kwetu. Walitaka pa kujenga na pa kulima, basi miti ikakatwa, na mingine ikachomwa makala, makaa ya kuuza Baraka. Halafu kuna ulimaji wetu wenyewe. Sisi hulima matuta yanayoteremka na mlima, kutoka juu kwenda chini, maana muhogo ukisimama majini unaoza, na mama zetu walitufundisha kwamba maji ya mvua yafunguliwe njia yapite haraka. Yakapita haraka kweli, na hayakwenda mikono mitupu. Kila baada ya mvua kubwa ufuko ulikuwa mwekundu, na mume wa jirani yangu Chérie alivuta wavu uliojaa tope huku akitutukana sisi wa juu, ukoo kwa ukoo.

Shamba langu likabaki mifupa. Ukipiga jembe, linalia juu ya jiwe kabla halijashika kitu.

Sasa hapo ndipo penye neno. Shamba lile lilikuwa la mume wangu Nicolas, Mungu amlaze pema, naye alipewa na ukoo wake. Kwetu mjane hafukuzwi. Sisi si watu wabaya. Mjane hukaa maadamu shamba linamlisha. Likiacha kumlisha, hupewa kuku wa safari, akapungiwa mkono, akaenda kwa watoto wake au kwa ndugu zake, na shamba likarudi kwa ukoo. Na ukoo, upande ule wa mlima, ni shemeji yangu Casimir, mdogo wake Nicolas, ambaye shamba lake liko juu ya langu.

Casimir si mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke kabla sijaanza kumsema. Nicolas alipokufa, yeye ndiye aliyechimba kaburi kwa mikono yake, na alilia mpaka ikabidi mimi mfiwa niache kulia nimbembeleze. Ila ana macho ya kukaa juu ya vitu. Alikuwa akipita njiani ananisalimia vizuri, halafu macho yanateremka taratibu juu ya shamba langu, kama fundi anayepima kitambaa.

"Mama Néhémie," alikuwa akiniambia, maana huniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, "umechoka. Enda kwa Clarisse, upumuzike. Shamba ni ya ukoo, haiko ya muntu."

Maneno hayo, shamba ni ya ukoo, haiko ya muntu, aliyasema mara nyingi hivi kwamba hata mbuzi wake wangeweza kumsaidia kuyamalizia.

Kupumzika! Mimi nina meno yangu yote na mgongo unaobeba gunia. Basi hasira inanipanda, namjibu vibaya, naye anakwenda kuwaambia watu kwamba mjane wa kaka yake ana mdomo. Ni kweli ninao. Hata marehemu alikuwa akiniambia, "Georgette, siku moja utanyamaza, na ile siku utapata kila kitu." Mimi nikamjibu aanze kunyamaza yeye.

Mwaka jana, mvua zikiwa bado, chama kimoja cha wakulima kilituletea agronome, mtaalamu wa kilimo. Jina lake Iriza, msichana mrefu mwenye buti za plastiki, kwao ni huko milimani juu kwa wafuga ng'ombe. Watu walimpokea wakiwa wamefunga mikono kifuani. Mtu wa maziwa atatufundisha nini juu ya muhogo? Lakini alikula sombe yangu, majani ya muhogo niliyoyapika na mawese ya kutosha, akaomba pilipili, akaomba tena, na kesi yake ikaisha hapo.

Iriza alifunga miti mitatu kwa umbo la herufi A, akaning'iniza jiwe kwa kamba katikati. Ukiitembeza ile A juu ya mlima, jiwe linakuonyesha wapi pako sawa na wapi panateremka. Unafuata pale palipo sawa, unachomeka vijiti, na mwishowe una mstari unaokata mlima kwa ubavu, umepinda hapa, umepinda pale, kwa sababu mlima haukuumbwa kwa rula. Juu ya mstari huo unapanda majani yenye mizizi mingi.

"Maji ipite, udongo ibakie," alituambia. "Ni vile tu."

Nilimpenda papo hapo. Hakutuambia kwamba bamama wa kisiwa hawajui kitu. Alitukabidhi majembe, akashika na yeye la kwake.

Majani yaliletwa na mtumbwi wa injini kutoka Baraka, tukayapanda mstari kwa mstari, tukapiga makofi. Kabla ya wiki kwisha mbuzi walikuwa wameyala yote. Kilumbi mbuzi hafungwi. Ni raia kama sisi, ila yeye halipi kodi. Iriza alitazama mashina yaliyotafunwa, akayahesabu moja moja. Alisema ataleta majani mengine ambayo mbuzi hawayapendi, lakini yanatoka mbali, labda baada ya mvua.

Baada ya mvua nitakuwa nimebaki na nini? Mawe.

Nikaketi mlangoni kwangu nikawatazama mbuzi kwa chuki. Kuna kitu gani hawa washenzi hawali? Walishakula kitambaa changu cha kichwa. Walishakula sabuni. Mmoja, wa Casimir, alikuwa akipita kando ya njia akijaribu kila jani, na alipofika kwenye mti wa mpaka wa watu wa jirani akanusa, akapiga chafya, akaendelea na safari.

Nikasimama.

Mti wa mpaka kila mtu anaujua. Una shina jembamba na majani marefu magumu, ndio tunaoupanda pale shamba la mtu linapoishia na la mwingine linapoanza. Haufi. Ukikata kijiti ukakichomeka ardhini hata kichwa chini, kinashika mizizi na kukudharau. Lakini haupandwi ovyo. Wenye mashamba wote wawili husimama pale, kapita, mkuu wa kijiji, anakuja, mashahidi wanakuja, pombe ya kasiksi inamwagwa kidogo shinani na nyingi kooni, na kila mtu anaugusa mti kwa mkono. Ukishapandwa haung'olewi. Anayeng'oa mti wa mpaka, walisema wazee wetu, shamba linamsahau. Atalima na halitamjua. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo likitokea, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuonyesha.

Nilichukua panga, nikakata vijiti vya kutosha kwenye kichaka kilichojiotea bondeni. Chérie alinikuta navyo kichwani.

"Weye Georgette! Ile mti si ya kucheza nayo."

"Mi sichezi. Mi nalima."

"Batasema umekata mupaka."

"Baseme. Mbuzi haitakula, njo nataka."

Alitikisa kichwa, halafu akaenda kuchukua jembe lake akaja kunisaidia. Ndiyo maana nampenda Chérie. Tukavipanda juu ya mistari ile ile ya Iriza, karibu karibu, kijiti na kijiti. Mstari wa kwanza haukuanzia ukingoni kabisa mwa shamba la Casimir, kwa sababu usawa wa mlima haukupita pale. Ukaacha ukanda wa mawe hapo juu, nyika tupu ya upana wa nyumba, halafu ndipo mstari.

Asubuhi iliyofuata kisiwa kizima kilikuwa na habari moja: muke wa Nicolas amekata mupaka katika shamba ya ukoo.

Casimir alipanda mlima na kapita Bonaventure. Bonaventure ni mtu wa haki, lakini pia ni mtu wa magoti. Magoti yake hayapatani na mlima, na kesi yoyote ya huku juu huianza akiwa ameshakasirika.

"Nani amekufa?" aliuliza akihema.

"Hakuna mwenye amekufa," nikasema.

"Sasa munaniitia nini huku juu?"

"Kapita, angalia na macho yako," Casimir akasema. "Muke mwenye aliolewa hapa, anapanda miti ya mupaka. Bila shahidi, bila kasiksi! Anagawanyia nani? Batoto wake?"

"Sigawanye kitu! Naziba udongo!"

"Na miti ya mupaka?"

"Mbuzi yako ilikula majani ya Iriza! Ungefunga mbuzi, ningepanda majani!"

"Aing'oe," Casimir akamwambia kapita.

"Ng'oa weye," nikamwambia. "Si umesema shamba ni ya ukoo? Ukoo njo weye. Ng'oa!"

Watu walikuwa wamejaa njiani. Casimir aliinama, akashika shina la kwanza. Akakaa hivyo, ameinama. Halafu akaliachia, akajifuta mkono kwenye suruali. Chérie alicheka mpaka ikabidi ashikwe.

"Kama hakuna mwenye kung'oa, mi natelemuka," Bonaventure akasema.

"Hapana, kapita, ngoja," Casimir akasema. Alikuwa ameona aibu, na mtu mwenye aibu hutafuta kitu kikubwa cha kusema. "Ibakie. Lakini tuseme mbele ya bantu bote: hii haiko mupaka. Ni majani tu. Hapa hakuna kwa Georgette, hakuna kwa Casimir. Mulima yote ni shamba moja ya ukoo."

"Shamba moja," Bonaventure akasema. "Mumesikia? Haya. Na mvua ikiisha nitapanda tena, Mungu anisaidie, niangalie. Kama kwa Mama Néhémie kuko bado mawe, aende kwa mutoto wake na amani. Hatutapiga tena makelele."

Watu wakaitikia. Mimi nilijibu kitu ambacho mke wa mchungaji aliniomba nisikirudie, basi sikirudii hapa.

Walipoondoka, nikakaa chini kati ya vijiti vyangu. Nilikuwa na woga, woga wa kweli. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami nimeishi Kilumbi tangu nilipoolewa nikiwa msichana, nimezaa hapa, nimezika hapa, na siku ile niliiona kamba bado iko. Nilitazama Baraka ng'ambo. Nilikiona kile kitanda, na shuka mpya.

Mvua zilikuja kwa fujo. Ile kubwa ya kwanza ilipiga mchana, na mimi badala ya kukimbilia ndani nikajifunika beseni kichwani nikapanda shambani. Maji yalikuwa yanashuka kutoka kwa Casimir yakikimbia katika matuta yake kama watoto wakitoka shule. Yalifika kwenye ule ukanda wa mawe, yakaufuta, yakaja kwenye mstari wa kwanza.

Yakasimama.

Hayakusimama kabisa, yalijaa nyuma ya vijiti, yakajizungusha, yakachoka. Halafu yakaanza kupenya taratibu upande wa pili, na yaliyopenya yalikuwa mepesi kuliko yale yaliyofika. Kule nyuma yaliacha mzigo. Nikaingiza mkono: tope, zito, laini, likanijaa vidoleni. Nilipiga kelele peke yangu juu ya mlima. Nililia pia, lakini kwenye mvua nani angejua.

Mvua baada ya mvua, ule ukanda wa mawe ukazama. Ukawa udongo mweusi wa kwenda hadi kifundo cha mguu. Na weusi wake niliujua. Udongo wa kwangu ni mwekundu. Weusi ulikuwa wa Casimir, kwa sababu pale kwake walichoma makala miaka ile, na hata sasa ukiufikicha unapata vumbi la makala na vipande vidogo. Shemeji yangu alikuwa ananitumia shamba lake, mvua kwa mvua.

Nikapanda maharage. Yakaota yakawa na kijani cha kunitia haya, mimi niliyezoea maharage ya manjano. Chérie alikuwa anakuja kuyatazama tu, anasimama mikono kiunoni. Mume wake aliniletea mukeke wawili waliobanikwa, akasema mbele ya mlango wangu kwamba upande wa chini yangu maji hayakuwa mekundu sana mwaka huu. Hakuniomba radhi kwa yale matusi ya ukoo, lakini samaki wawili ni samaki wawili.

Casimir naye aliyaona maharage. Alipita njiani, macho yakateremka kama kawaida yake, na safari hii hayakupanda tena. Aliingia shambani. Akachuchumaa, akachota udongo, akaufikicha. Vipande vya makala vikabaki kiganjani.

Kesho yake mapema alikuja na kikapu na jembe, akaanza kuchota udongo katikati ya maharage yangu.

"Shemeji! Unafanya nini?"

"Nafuata udongo yangu."

Nilidhani ni mzaha. Niliangalia uso wake, haukuwa mzaha. Nilimwambia maneno, naye akanijibu maneno, watu wakatoka majumbani, na mtu akakimbia kumwita kapita, ambaye sauti yake tuliisikia akilalamika tangu chini kwenye mitumbwi.

Bonaventure alifika, akaegemea fimbo, akasubiri moyo utulie.

"Semeni."

"Kapita," Casimir akasema, "banakula udongo yangu."

"Nani?"

"Huyu."

"Alikuja kwako akachukua?"

"Hapana. Ilishuka yenyewe. Lakini yeye ameikamata!"

"Sawa mbuzi?"

"Sawa mbuzi! Na alama iko. Makala iko ndani, angalia. Mbuzi yako ikiingia kwa muntu, si unaenda unaichukua?"

Watu wakaguna, maana hoja ilikuwa na miguu. Hata mimi niliona ina miguu. Akichukua udongo ule nabaki na mawe, na kapita amekwisha panda mlimani, atatazama, na yale aliyoyasema mbele ya watu atayatimiza.

"Sawa," Bonaventure akasema. "Mi nataka nione vizuri nisipande tena huku. Udongo ilitoka fasi gani?" Aliinua fimbo.

"Kwangu, kule juu." Fimbo ikaelekezwa juu.

"Ikaingia wapi?"

Casimir aliinua mkono kunionyesha.

Akaushusha.

Bonaventure alibaki na fimbo yake hewani, akingojea aambiwe aigeuzie wapi. "Nauliza, sababu siku ile tulisema hapa, bantu bote basikia, mulima ni shamba moja ya ukoo. Hakuna kwa Georgette, hakuna kwa Casimir. Kama ni moja, udongo haikuenda fasi yoyote, iko ndani ya shamba ya ukoo, na mi natelemuka. Kama iliingia fasi, nionyeshe ile fasi."

Mungu wangu. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu saba, yote makali, yamepanga foleni nyuma ya meno. Chérie alikuwa ananifinya mkono nimalize kazi. Na hapo nikamsikia Nicolas, sauti yake ile ya kuchoka na mimi. Nikachukua pembe ya kitambaa changu cha kichwa, nikaitia mdomoni, nikauma.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Mimi nilichosikia ni upepo na mbuzi.

Casimir alitazama kikapu chake. Alitumbukiza mkono ndani, akaushika ule udongo mweusi, na ndipo na mimi, kwa kuwa sikuwa na kazi ya kusema, nikapata nafasi ya kutazama. Nikatazama juu, shambani kwake. Sikuwa nimetazama kule tangu mvua zianze. Mawe yalikuwa yametoka. Mihogo yake ilisimama kwa vidole vya miguu, mizizi nje. Lilikuwa kama lile shamba langu la kabla ya mvua. Baba yake alilima pale, na babu yake, na sasa pale alipokuwa amechuchumaa ndipo kilipobaki chote. Nilimwonea huruma, na huruma ilinikera, kwa sababu sikuwa nimeipanga.

"Iliingia kwake," akasema chini chini.

"Kwa nani? Sema, bantu basikie."

"Kwa Mama Néhémie." Akainua kichwa, akasema kwa nguvu, kama mtu anayetema mwiba. "Ilitoka kwangu, ikaingia kwake!"

Fimbo ya Bonaventure ikageuka, ikanielekea mimi.

"Haya," akasema, akakaa juu ya jiwe na kunyoosha miguu. "Kwake inaanzia wapi? Muonyeshe sasa, na muniletee kasiksi hapa hapa, sababu mi sirudi tena ku hii mulima mupaka nikufe."

Kasiksi ikaletwa. Mti ulikatwa kutoka mstari wangu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Tuliuchomeka pale juu, kwenye jiwe ambalo hata marehemu alikuwa akiliita mwisho wetu. Casimir aliushika kutoka juu, mimi nikaushika kutoka chini. Kapita akamwaga pombe kidogo shinani. Halafu mashahidi wakaja mmoja mmoja wakaugusa, na Chérie aliugusa mara mbili ili kuwa na hakika. Sikuwahi kuona mkono wa mwanamke aliyeolewa kutoka nje kwenye mti wa mpaka wa Kilumbi, na mkono wenyewe ulikuwa wangu, una tope mpaka kwenye kiwiko.

"Na udongo yangu?" Casimir akauliza.

"Chukua," Bonaventure akasema akijifuta povu mdomoni. "Ni yako. Uliona ikiingia, uirudishe. Lakini usivunje maharage ya muntu."

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki. Udongo unazoleka, mgongo ndio utakaokuambia bei yake. Casimir alibeba kikapu cha kwanza kwa hasira, akapanda nacho, akakimwaga. Cha pili alikibeba kwa heshima ya watu waliokuwa wakitazama. Watu wakaenda zao. Cha tatu alikijaza, akakitazama, akatazama mlima, akaketi kando yake. Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa Fizi, na sote wawili tulijua mvua ile itafanya nini na vile vikapu viwili.

Nilikwenda na kikombe cha maji. Kwapani nilikuwa na furushi la vijiti.

"Beba hii," nikamwambia. "Ni nyepesi."

Alikunywa maji yote kwanza. Akavigeuza vijiti mkononi.

"Hata kichwa chini inaota?"

"Hata kichwa chini."

"Na ile A ya Iriza, unajua kuitembeza?"

"Shemeji, simama. Mvua inakuja."

Tukapanda pamoja hadi kwake. Nilishika A, yeye akachomeka. Alichomeka vibaya, nikamwambia, naye akanijibu kwamba nina mdomo. Tulimaliza mstari mmoja kabla ya matone ya kwanza, na tulisimama kuutazama tukilowa. Udongo wake mwingi haukushuka tena mwaka ule. Niseme kweli, niliukosa kidogo.

Jumapili simu ikalia.

"Mama, unakuja lini?"

"Nikishavuna maharage nitakuja kukusalimia. Nitakuletea gunia, tafuta muntu wa kukusaidia kubeba."

"Na kitanda?"

"Kitanda laza bageni."

Clarisse akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikia kwamba mama yake amegombana na watu tena. "Mama, sasa uko kwa nani huko?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Huko juu mbuzi wa Casimir alikuwa ananusa mti mpya. Akapiga chafya, akaondoka.

"Niko kwangu," nikamwambia.